Joto Lililong'olewa

Hita ya gari la dizeli haizalishi joto, bali hupokea tu lile ambalo injini imeshindwa kulitumia, na kwa sababu hiyo pikapu kuukuu inayompulizia dereva hewa ya baridi saa kumi na moja alfajiri katika mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, haistahili matusi inayotukanwa. Maji yanayozunguka ndani ya injini hubeba joto hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni hupitisha hewa katikati ya mapezi yake, na hewa hiyo ndiyo inayotarajiwa kupasha magoti moto na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherang'any, na mwezi wa Julai si ajabu kumwona msafirishaji wa kabichi akiendesha gari huku amejifunga blanketi, naye utingo wake amepewa kitambaa na cheo cha mfuta kioo.

Dawa ya kwanza ambayo wenye magari hujaribu ni kuiacha injini ingurume mahali pamoja hadi ipate moto, jambo ambalo huwaamsha majirani lakini haliipashi hita, kwa kuwa injini ya dizeli isiyo na kazi huchoma mafuta kidogo sana ndani ya hewa nyingi sana, na hivyo joto linalobaki la kugawiwa abiria ni haba. Injini hiyo hupata joto haraka zaidi ikiondoka polepole na mzigo wake.

Hata hivyo, chanzo kinachostahili uchunguzi mrefu zaidi ni themostati, yaani vali ndogo yenye nta ndani yake, ambayo hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta kubwa maji yakiwa bado baridi, kisha nta inapopanuka kwa joto, katika pikapu nyingi za zamani kwenye kiasi cha nyuzi 82 za Selsiasi, huifungua njia hiyo. Pikapu nyingi za umri huo hazina tena kifaa hiki, na historia ya kutoweka kwake ni kesi iliyoamuliwa bila mshtakiwa kusikilizwa. Gari hushuka hadi Bungoma, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, kisha hurudi limejaa mzigo likipanda karibu mita 500, na mahali fulani kati ya Kamukuywa na Kiminini maji huchemka. Katika mwinuko wa Kitale maji yaliyo wazi huchemka yakifika takriban nyuzi 94, wala si 100 kama ya Mombasa, na kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya gari ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta, ambacho mpira wake ukichakaa shinikizo hutoroka. Makanika wa jua kali huikuta injini inatokota, hukitazama kifuniko bila kukishuku, kisha huing'oa themostati na kuitupa, akimhakikishia mwenye gari kwamba kifaa hicho kiliwekewa watu wa Ulaya. Tangu siku hiyo maji huzunguka katika rejeta kubwa bila kizuizi, injini haifikii joto lake, dizeli huliwa kwa wingi na moshi huongezeka, lakini mshale wa geji hulala chini kabisa, na mwenye gari huwaonyesha wageni mshale huo kwa fahari kama ushahidi wa afya njema. Kinachochekesha zaidi ni kwamba katika baadhi ya injini themostati huziba pia njia ya mkato ya maji, na ikiondolewa sehemu ya maji huikwepa rejeta kabisa, hivyo gari lisilo na themostati huganda alfajiri na bado likachemka jioni mlimani.

Sababu nyingine zinahitaji maneno machache. Rejeta ndogo iliyovuja mara nyingi haibadilishwi, bali mipira yake miwili huunganishwa kwa kipande cha bomba na kufungwa kwa blada, na mwenye gari asiyeambiwa hununua feni mpya, fyuzi mpya na kebo mpya ili apuliziwe baridi kwa nguvu zaidi. Maji ya mtoni yanayotumiwa badala ya kulanti huleta kutu inayoziba vijia vya rejeta hiyo. Maji yakipungua, hita iliyoko juu ndiyo hukosa mapema. Na yakipungua kila wiki bila kuonekana yanakovuja, inafaa kuichunguza gasketi ya silinda hedi kabla ya kuilaumu hita.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mtambo. Baada ya safari fupi injini huzimwa, kisha mipira miwili inayoingia kwenye hita huguswa kwa uangalifu: mmoja ukiwa moto na wa pili baridi, vali ya hita imefungwa, rejeta ndogo imeziba au imeingiwa na hewa; yote miwili ikiwa moto, kosa liko kwenye feni au kibao kinachoelekeza hewa; na yote ikiwa vuguvugu, themostati haipo au imekwama ikiwa wazi. Jambo hili la mwisho huthibitishwa na mpira wa juu wa rejeta kubwa, ambao hupaswa kubaki baridi kwa muda kisha upate moto ghafla, wala si kupanda taratibu pamoja na injini.

Wanaopima hita safarini hudanganyika, kwa kuwa gari likifika Webuye jua limekwisha kulipasha, na wengi huingia Bungoma wakiamini kwamba imejiponya. Kwa hiyo anayetaka kununua pikapu ya namna hii aende kuitazama alfajiri, injini ikiwa bado baridi, na amwombe muuzaji amwonyeshe themostati kwa macho, kwa kuwa risiti yake pekee si ushahidi kwamba iliwahi kufungwa.