Bega la Baba Watoto

Nyumba yetu hapa Galu ina wakubwa watatu: mavyaa, mume wangu, na bega la mume wangu. Huyo wa tatu ndiye anayetawala.

Bega lilichanika siku baba watoto alipokwenda kusaidia kupandisha ngalawa, akateleza kwenye mwani na kuangukia mkono. Likapasuliwa Mombasa, ukano ukashonewa upya kwenye mfupa. Mkono ukaning'inizwa shingoni, kama ilivyo kawaida kwa wiki 4 hadi 6, ili mshono ushike. Mshono ukashika, na bega nalo likashika: likakaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, akatueleza kwamba mfuko wa kiungo hukazwa na kovu, na mwenye sukari, kama mume wangu, huwa hatarini zaidi. Jioni ile nikapandisha ndoo ya sukari juu ya kabati. Kifuniko chake kigumu. Haishuki bila mikono miwili.

Mavyaa alitaka aitwe mkandaji. "Auvute mkono mara moja, tulale!" Fizio akakataa katakata: ukano mpya ukivutwa kwa nguvu hukatika tena. Akampa zoezi la kuinama, mkono mzima umeshika meza, mgonjwa unaning'inia na kuyumba taratibu. Zoezi hilo huitwa kwa jina la Ernest Codman, daktari wa Boston aliyeandika kitabu kizima juu ya bega mwaka 1934. Jirani aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi alimkuta anayumba hivyo, akaniuliza chini chini kama tumemleta mganga.

Ruhusa ya kuinua mkono wenyewe ilipofika, mwenye mkono hakutaka. "Utakatika," alisema, akaendelea kulishwa wali kama bwana harusi. Fizio akashauri kamba na kapi: mkono mzima uvute, mgonjwa upande. Kijana wetu akang'oa kapi la kisima cha zamani, akalifunga kwenye boriti ya barazani, ileile anapotundika mavyaa tenga lake la papa mkavu.

Baba watoto akavuta. Kamba ikanasa ugwe wa tenga. Akavuta tena kwa hasira, na papa wote wakamshukia kichwani. Akapiga ukelele na kujikinga uso kwa mikono yote miwili. Miwili! Tukabaki tumeduwaa, mkono uliokuwa haupiti kifua umefika kwenye paji la uso.

Safari ya kwenda kukaguliwa ilikuwa ya matatu hadi Likoni, kisha feri, mimi nikipanga viwiko kuzuia watu wasimsukume. Ukano ulikuwa salama. Mavyaa anasema ni baraka za papa wake, na tangu hapo mazoezi anayasimamia yeye, kwa bakora mkononi.

Bado hawezi kufika mgongoni, na kanzu anavalishwa. Ugumu wa namna hii huisha polepole, kwa miezi, pengine hata mwaka. Lakini juzi niliikuta ndoo ya sukari imepungua, na kifuniko kimefungwa vizuri kabisa. Fizio akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vyema. Mimi ndoo nimeihamishia chumbani kwa mavyaa, chini ya kitanda.