Wamenifelisha

Mpwa wangu akipata B anasema "nimefaulu." Akipata F anasema "wamenifelisha." Ukimuuliza hao nani, anatazama dari.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari, alikuja kwangu na divisheni foo ya pointi 30. Mama yangu kule kijijini aliposikia 30 alipiga kigelegele. Anajua mpira, na kwenye ligi mwenye pointi nyingi ndiye anayeongoza. Ikabidi nimweleze kwa simu kwamba kwenye mtihani huu bingwa ni mwenye 7, na divisheni wani inakomea 17. Akanyamaza kidogo. "Basi wamemwonea mjukuu wangu," akasema. Nikajua ugonjwa huu ni wa ukoo.

Washtakiwa ni wengi. Mwalimu wa hesabu alikuwa anakwenda mbio. Maswali yalitoka nje ya topiki. Umeme ulikatika. Daftari la fizikia nalo lilipotea. Halikupotezwa na mtu, lilipotea lenyewe, likaondoka bila kuaga. Simu tu ndiyo haikuwahi kukosa chaji. Novemba nzima nilikuwa nikiamka saa nane usiku kwenda chooni, naona mwanga chini ya mlango wake, nasema moyoni mtoto anabukua. Kumbe sizoni ya Kikorea.

Afadhali wale watahiniwa wa mwaka 2012 walioripotiwa kujaza mashairi ya bongo fleva kwenye karatasi za majibu. Wale angalau waliandika kitu.

Nikamkalisha sebuleni nimshushie nondo. Nikamwambia Kiswahili ndicho kinachomdekeza: akivunja sahani, sahani imevunjika, akiunguza wali, wali umeungua, akichelewa, gari limemchelewesha. "Hivi wewe," nikamuuliza, "utakuwa kiima cha sentensi lini?"

Akainamisha kichwa. Nikaona somo limeingia, na kusema kweli nikajipongeza kimyakimya. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameamua kurisiti, vitabu atajitafutia, tuisheni atakwenda kwa miguu, kilichobaki ni ada ya mtihani tu.

"Ningekulipia leo hii," nikamjibu, "tatizo pesa zimeisha."

Akainua kichwa. Nilikuwa nimesahau kwamba ile B yake ni ya Kiswahili.

"Zimeisha, mjomba, au umezimaliza?"