Pumzi za Subaru ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu, kijana mstahiki ambaye sijapata kumsikia akisema uongo ila katika mambo ya magari, alijinunulia Subaru Impreza yenye turbo, iliyokwisha tumika Japani, na kabla hata ya kuiosha vumbi la bandari ya Kilindini akaazimia kuigeuza. Kwani vijana wa Mombasa humtaja Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Subaru, kana kwamba ni jamaa yao wa damu. Alichotamani si mwendo bali sauti: ule mluzi wa “pshiii” utokao dereva ainuapo mguu abadilishe gia. Akatia vali mpya ya kuutoa mluzi huo.

Katika gari kama hilo, baada ya filta ya hewa mna sensa ipimayo hewa yote iingiayo, na kompyuta ya injini, kwa kuitegemea taarifa hiyo, hutoa petroli kwa kadiri yake: takriban sehemu 14.7 za hewa, kwa uzani, kwa sehemu 1 ya petroli gari liendapo kwa upole, na petroli zaidi ya hapo turbo isukumapo kwa nguvu, ili pistoni zisiungue. Mguu ukiinuliwa, njia ya hewa hufungwa ghafla, na hewa iliyoshindiliwa na turbo hukosa pa kwenda. Basi vali ya asili huirudisha, bila ya kelele, katika bomba lililo baina ya sensa na turbo. Vali ya mpwa wangu iliitupa nje kwa mbwembwe, na kompyuta, mithili ya karani wa forodha aliyekwisha andika shehena daftarini asijue kuwa imetoroshwa kwa mlango wa nyuma, ikaendelea kutoa petroli ya hewa isiyokuwapo.

Katika hali hiyo tulikwenda harusini Likoni, dada yangu ameketi nyuma na udi wake, nami katika kanzu nyeupe. Kila gia ilitoa wingu jeusi. Na kwenye foleni ya feri ekzosi ikapiga mshindo ambao ulimfanya dada yangu atamke shahada.

“Umesikia, mjomba?” akaniuliza mpwa wangu kwa fahari.

“Nimesikia, mwanangu, na Likoni wamesikia.”

Injini ikazimika, plagi zimelowa, ikakataa katakata kuwaka. Anayesukuma gari husimama nyuma, na nyuma ndiko kwenye ekzosi. Sina haja ya kuisimulia kanzu.

Fundi wa kwanza alifungua betri “ili kompyuta isahau.” Ni kweli kwamba kompyuta hujifunza marekebisho kwa sensa ya oksijeni iliyomo ekzosini, na kwamba betri ikifunguliwa kumbukumbu hiyo aghalabu hufutika, lakini marekebisho hayo hujengeka taratibu, wala hayaiwahi hewa itorokayo kwa kufumba na kufumbua. Tulifika njia panda ya kwanza, gari likazimika.

Fundi wa pili, mzee asiyependa maneno mengi, alisikiliza “pshiii” moja tu, akauliza: “Ya zamani iko wapi?”

Ilikuwa imekwisha uzwa. Tukamfuata aliyeinunua, naye, kwa adabu kubwa na kwa urefu usio na kifani, akatueleza kwa nini mwenye akili haiondoi vali hiyo garini, kisha akaturudishia kwa bei maradufu.