Ruhusa kwa Wote

Debian, mfumo endeshi huria uliotangazwa na Ian Murdock mwaka 1993, hujengwa na watu wanaojitolea. Hauna bosi wa kukukaripia, lakini una adabu zake. Tatizo ni sisi tunaoupokea bure, kisha tukataka na adabu zenyewe tupunguziwe.

Faili limekataa kufunguka? Hapo hakuna anayeuliza mwenye faili ni nani, wala liko chini ya kundi gani. Hujitokeza bingwa na dawa yake moja: amri ya chmod 777, tena ishuke hadi folda ya mwisho. Kila mtu asome, kila mtu aandike, kila mtu aendeshe. Demokrasia hiyo!

Basi, ndugu yangu, imwage dawa hiyo kwenye mzizi wa mfumo uone. Programu ya sudo inavuliwa alama ya setuid inayoipa mamlaka, nayo inagoma. SSH, njia yako ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, inaukataa ufunguo wako wa siri, maana umekuwa wa hadhara. Umegawa ruhusa zote, na wewe umebaki huna hata ya kurekebisha ulichoharibu.

Vifurushi vya programu navyo vina mabingwa wao. Wakiambiwa kufuli la dpkg, programu ya kusakinisha vifurushi, limeshikwa, yaani kuna programu nyingine iko kazini, pengine masasisho yanajisakinisha, wao hulifuta kufuli. Hifadhidata ya vifurushi ikivurugika, wanaolaumiwa ni waliojitolea.

Programu ni za bure, kweli. Subira ndiyo kila mtu huja nayo kutoka kwao. Programu ya apt haina ya kukusakinishia.