Faini ya Tumbo

Kichefuchefu cha safari ni kesi yenye mashahidi wawili wasiopatana. Wa kwanza ni jicho. Wa pili ni sikio la ndani, lenye mifereji mitatu midogo iliyojaa majimaji, inayopima jinsi kichwa kinavyogeuka. Wakitofautiana, ubongo hukosa wa kumwamini, na faini hulipwa na tumbo, ambalo halikuwapo hata kwenye tukio.

Kabondo-Dianda, kwenye reli ya kutoka Bukama kwenda Kamina, kesi hii ni ya siku nyingi. Abiria hushiba bukari na sombe, akajibanza ndani ya lori, macho kwenye simu. Jicho huapa kwamba mambo yametulia. Sikio linahesabu kila shimo la barabara. Bukari hushuka garini kabla ya mwenyewe. Aliyepanda juu ya magunia ana vumbi mpaka kwenye kope, lakini hutapika kwa nadra, kwa kuwa anaitazama njia na upepo unampiga usoni. Shofere ndiye salama zaidi: kona anaijua kabla haijafika.

Miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho kwa picha, imeigeuza kesi hiyohiyo kichwa chini. Safari hii jicho ndilo linaloapa kwamba mtu anaruka mabonde, na sikio linashikilia kwamba hajatoka mkekani. Mwaka 1977 Michel Treisman alitoa dhana kwamba ubongo ukipata ushahidi wa namna hii hudhani mwili umekula sumu, ukaliamuru tumbo lijisafishe. Ndiyo maana mgeni wa miwani huanza kwa vigelegele akamalizia kwa kuulizia ndoo.

Mchochezi mkubwa ni picha inayochelewa kukifuata kichwa. Miwani ya majaribio ya Oculus Rift ya mwaka 2013 ilibadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Iliyoingia sokoni mwaka 2016, mara 90. Michezo mingine huikwepa kesi kwa kumhamisha mchezaji ghafla kutoka mahali hadi mahali, bila kumtembeza. Dawa ya kuchekesha kuliko zote ilitoka Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 2015: watafiti walichora pua katikati ya picha ili jicho lipate kitu kisichohama. Wachezaji walistahimili muda mrefu zaidi, na pua yenyewe hawakuiona. Mtu huishi na pua mbele ya macho miaka yote bila kuisalimia.

Kwa anayeanza, dakika chache zatosha, tena akiwa ameketi, feni ikimpulizia usoni kama upepo wa juu ya magunia. Tangawizi huwafaa baadhi. Mate yakijaa mdomoni na jasho jembamba likitoka, “bado kidogo” ni neno la hatari: miwani ivuliwe hapohapo, na baiskeli isipandwe mpaka kizunguzungu kiishe. Aliyeazima miwani ya jirani airudishe ikiwa kavu.