Ukuta Uliotutia Malaria

Nyumba zetu za Gihundwe zimekaa mteremkoni, uso ziwani, na ng'ambo ya maji kuna Bukavu. Ikifika saa kumi alasiri jua limekwishahamia upande wa Kongo. Linaipiga Kivu, Kivu inalirudisha, na sisi wenye madirisha ya magharibi tunapigwa mara mbili, kwanza kutoka mbinguni kisha kutoka majini. Ni mwanga mwingi kweli. Ungekuwa unauzwa kwa tokeni, mtaa mzima ungekuwa na deni.

Nalitaja jua mapema kwa sababu mpwa wangu hakulitaja kabisa.

Mpwa wangu anasoma Kigali, na simu yake imejaa sebule za watu wengine. Alipokuja likizo akaiangalia sebule yetu, krimu juu, kahawia ya mafuta chini mpaka usawa wa kiuno, akasema, "Mjomba, hii ni rangi ya ofisi ya sekta." Mke wangu alikuwa ameishi na ukuta ule miaka yote bila ugomvi. Akautazama upya, na amani yao ikaisha jioni ile ile.

Naomba niitetee kahawia. Udongo wa Rusizi ni mwekundu, mvua yetu haina haya, na sijaona mtoto anayepita korido bila kuburuza mkono ukutani. Aliyebuni utaratibu wa kupaka rangi ya giza chini na rangi ya mwanga juu hakuwa mshamba, alikuwa mzazi. Lakini utetezi wangu haukusikilizwa, na mpango ukapitishwa mezani pangu kwa kura mbili dhidi ya moja: makaro meupe yanayong'aa sakafuni, dari la jipsamu lenye ngazi, taa za mkanda zinazobadili rangi, picha ya imigongo, na ukuta mmoja wenye rangi kali ili mgeni akiingia ashtuke. Nikauliza mgeni ametukosea nini. Sikujibiwa.

Badala yake nikasomewa habari za Le Corbusier, msanifu majengo mzaliwa wa Uswisi, ambaye mwaka 1931 aliitolea kampuni ya karatasi za ukutani ya Salubra mkusanyiko wa rangi 43, na mwaka 1959 akaongeza 20. Fundi wetu, aliyekuwa akisikiliza huku anakoroga, ana rangi tatu: krimu, kahawia, na "ile aliyotaka mwenye nyumba". Sijasikia mtu akimlalamikia kwa zile mbili za kwanza.

Rangi ikachaguliwa dukani Kamembe, chini ya taa ndefu nyeupe, kwenye kadi yenye kipande cha rangi kisichozidi kiberiti. Kijani cha ndimu. Kwenye kadi ilikuwa changa, ya kupendeza, unaweza hata kuisikia harufu. Ila rangi ikihama kutoka kwenye kadi kwenda kwenye ukuta mzima huonekana kali zaidi, na taa ya duka si jua la alasiri. Ukuta wa runinga ndio uliopewa kazi. Ukuta huo unatazamana na dirisha la ziwani, na sofa la wageni linatazamana nao.

Hebu upigie mwanga hesabu. Jua linaingia na kupita juu ya kichwa cha mgeni, linagonga kijani. Ukuta unameza rangi nyingine na kurudisha kijani peke yake. Dari jipya jeupe linakipokea na kukisambaza, kwa kuwa rangi nyeupe hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoifikia bila kuuliza umetoka wapi. Makaro meupe nayo yanafanya hivyo hivyo kutoka chini. Mgeni aliyekaa katikati hana pa kukimbilia. Uso wake unapata rangi ya mtu aliyelala wiki nzima na homa.

Jirani ndiye aliyeanza. Alikunywa chai yake, akanitazama kwa huruma, akauliza kwa sauti ya chini, "Umepima?" Na mimi, kwa kweli, nilikuwa nikimtazama yeye nikijiuliza jambo hilo hilo.

Mama mkwe alikuja kuona nyumba mpya, akiwa amekusudia kulala siku chache tu. Anatoka Kirehe, kwa hiyo aliikata nchi nzima kutoka mashariki hadi magharibi. Alipita hata Nyungwe, msitu ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023, lakini kona zake zilimfumbisha macho mwanzo hadi mwisho. Amekulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, jambo linalonifanya niongee mbele yake kwa uangalifu. Alifika saa kumi na moja, wakati ukuta umewaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaketi, akamtazama bintiye, akanitazama mimi, akavua kitambaa cha kichwa taratibu. "Huyu mtoto anaumwa tangu lini?"

"Nani, mama? Hatuumwi."

"Na wewe vilevile."

Safari ya kurudi ikaahirishwa papo hapo. Kesho yake asubuhi alikuwa amekwishapata umuravumba kwa jirani, maana mmea huo ni dawa inayoaminiwa Rwanda nzima kwa homa, kikohozi na tumbo, na wengi huupanda karibu na nyumba. Akatuchemshia. Sitaki kuwatisha wasomaji kuhusu ladha yake. Nitasema tu kwamba mkwe hakatai kikombe anachopewa na mama mkwe, na kwamba kikombe kilikuwa kikubwa. Asubuhi, jua likiwa upande wa pili wa nyumba, alituona tumepata nafuu. Ikifika alasiri ugonjwa umerudi. Kwake hiyo ilikuwa dalili kamili ya malaria sugu, na kwa alichokiona simlaumu.

Wakati huohuo makaro yalikuwa na mambo yake. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, sakafu nyeupe ilionyesha kwa udongo mwekundu nani aliingia na nani alifika hadi kwenye friji. Hilo lilivumilika. Tatizo lilikuwa sauti. Makaro, jipsamu na kioo ni vitu vigumu, sauti haipati pa kuzama, na mpwa wangu alikuwa ameondoa mapazia ili "dirisha lipumue". Nyumba ikageuka kisima. Mama mkwe alikuwa jikoni akimnong'oneza bintiye, "Huyu mumeo, anakula kweli?" nami nikajikuta nimejibu kutoka sofani, "Ninakula, mama." Kimya kilichofuata nacho kilivuma.

Usiku zikawaka taa za mkanda. Kidhibiti kilikuwa kimetekwa na mtoto wa mwisho, kwa hiyo chakula cha jioni kilibadilika rangi kwa matakwa yake. Tulikuwa na sambaza wa kukaanga, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na sasa hatuwezi kula bila wao. Sambaza mzuri ana rangi ya dhahabu. Chini ya bluu akawa wa kijivu, chini ya zambarau akawa wa kuzikwa. Mama mkwe akaisukuma sahani yake. "Hawa mliwanunua lini?" Walikuwa wamevuliwa usiku uliotangulia.

Hapa nina neno na wabunifu wote wa taa. Watoke usiku wakawatazame wavuvi wetu. Mashua tatu zimeunganishwa kwa miti mirefu, taa zimening'inizwa juu ya maji, sambaza wanaufuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu kazi huwa ngumu, kwa sababu ziwa zima lina mwanga na samaki hawaoni sababu ya kukusanyika popote. Mvuvi anajua kwamba taa hufanya kazi kwa ajili ya giza lililoizunguka. Sisi tulizungushia dari lote taa, kisha tukashangaa kwamba hakuna pembe ya sebule inayomvuta mtu kuketi. Mkanda ule sasa haupewi umeme. Nimeweka balbu moja juu ya meza, na nilisoma boksi kabla ya kulipa: namba 2700 hutoa mwanga wa manjano uliotulia, 6500 hutoa mweupe unaoelekea bluu. Ile ya 6500 iko stoo, ambako kazi yake ni kutafuta nyundo.

Zamu ya imigongo ikafika. Sanaa hii ni ya Gisaka, kwao mama mkwe hasa, na masimulizi huihusisha na Kakira, mwana wa mfalme wa huko. Ni samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikafinyangwa kuwa matuta juu ya ubao, kisha kupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mpwa wangu alikuwa ameitundika katikati ya ukuta wa kijani. Mama mkwe akauliza bei. Akaambiwa. Akakaa.

"Mmenunua mavi ya ng'ombe kwa bei ya ng'ombe?"

Lakini ndiye aliyeinuka, akaitungua, akaitundika kwenye ukuta wa ubavuni karibu na dirisha. "Hiki kinataka mwanga wa ubavu," alisema, "si wa utosini." Alasiri jua likapita juu yake kimshazari, kila tuta likaangusha kivuli chake, na ubao uliokuwa umelala ukaanza kutembea. Katika ukarabati wote ule, uamuzi huo ndio pekee ambao ningeulipia mara ya pili.

Sina ugomvi na usasa. Hospitali ya Butaro, kule Burera, iliyofunguliwa mwaka 2011, ni ya kisasa hasa, na kuta zake ni mawe ya volkano ya Virunga, mawe yale yale ambayo mkulima huyatoa shambani kwa laana. Aliyeijenga alianza na kilicholala chini ya miguu yake. Mpwa wangu alianza na simu.

Utambuzi wa ugonjwa wetu ulitoka kwa fundi. Alikuja saa kumi kudai salio lake, akamkuta mke wangu sofani, akashtuka. Akamwomba atoke uani, akamtazama, akamrudisha ndani, akamtazama tena. "Mzee," akaniambia, "huyu nje mzima, ndani mgonjwa." Akatoa risiti yake mfukoni, upande usioandikwa, akaishika mbele ya ukuta. Karatasi ikawa ya kijani. Hakutoza chochote kwa uchunguzi huo, ila alitoza makopo ya krimu.

Krimu ikapanda, kahawia ikarudi chini, mapazia ya kitenge yakafunika dirisha, zulia likanyamazisha sakafu. Alasiri ya kwanza mama mkwe aliketi sofani, akatutazama kwa muda mrefu. Tulikuwa tumepona.

"Mnaona," alisema, "umuravumba hauna mpinzani." Akakata tiketi yake, akatuachia mche kando ya mlango wa jikoni na maagizo ya kikombe kwa wiki. Sikubisha, na ninakunywa.

Kijani cha ndimu kilibaki kopo moja ambalo halijafunguliwa. Mwenye banda la kuku lenye kiza aje alichukue bure, na nauli ya taksi-moto ya kwenda nalo nitalipa mimi.