Barua ya Wazi: Kiwavi Naye Apitie kwa Sheha

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi Inayohusika na Mimea na Wadudu,



YAH: OMBI LA KUMTAKA KIWAVIJESHI VAMIZI AFUATE UTARATIBU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunashukuru kwa dawa. Ilifika. Ilifika mahindi yameshatoa mbelewele, yale machache yaliyosalia ya kuitoa, na watendaji wako wakatupanga mstari shambani tukapigwa picha, chupa mkononi. Masika iliyotangulia ilikuwa vivyo hivyo, na vuli kabla yake, kwa hiyo kusimama mbele ya kamera tumeshajua.

Hatuji kulalamika. Tumekaa tukaona kosa si lako, ni la kiwavi. Tangu aingie Tanzania mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kuonekana Afrika Magharibi akitokea mabara ya Amerika, hajafuata utaratibu wowote. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Bara na sisi Pemba ni kama kilomita 50, basi anavuka bila tiketi ya boti. Anataga fungu la mayai mia na zaidi kwenye jani, na kwa joto letu hili yanaanguliwa kwa siku mbili tatu. Hayangoji kikao.

Hivyo tunaomba alazimishwe kupita tunapopita sisi. Kabla hajatia jino kwenye jani la kwanza, aende kwa sheha kuchukua barua ya utambulisho. Sheha yuko mkutanoni, arudi kesho. Akiipata, aambatanishe kivuli cha kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na picha mbili za pasipoti, ile alama ya Y iliyopinduliwa kichwani ionekane vizuri. Aandike maombi kwa nakala tatu, aeleze atakula shamba la nani, majani mangapi, na kwa manufaa gani ya taifa. Ayapeleke Chake. Chake wamwambie faili liko Wete. Wete wamwambie mwenye kutia saini yuko Unguja, semina, ya viwavi. Akichoka kusubiri, akabembee kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto hapa Tibirinzi. Akinung'unika, aambiwe bajeti haijatoka. Ngazi za utawala hazitamshangaza: kwao pia mkubwa humla mdogo, ndiyo maana ndani ya moyo wa mche aghlabu tunamkuta mmoja tu, mnene.

Sasa piga hesabu, Mheshimiwa. Tangu kuanguliwa hadi kujifukia udongoni ageuke nondo, kiwavi ana wiki mbili hadi tatu. Hakuna barua yetu iliyowahi kujibiwa kwa muda huo. Atajifukia na njaa yake, muhuri hajauona. Dawa gani ina nguvu hiyo?

Maombi mengine ni madogo. Mvua ya masika isianze wiki moja ikakata, kisha ikarudi kwa gharika kuing'oa miche michanga. Upepo wa kusi uje na barua. Fulana za semina zishonwe saizi ya mche, ziufae kwenye jua.

Lakini nikuulize, Mheshimiwa. Si nyinyi mliotufundisha? Kagua shamba tangu mche unapochomoza. Ponda mayai. Tia majivu au mchanga kwenye moyo wa mche. Piga dawa asubuhi au jioni, kiwavi akiwa bado mdogo, kwani akishakua huzama ndani, akajiziba kwa kinyesi chake, na dawa haimfikii. Majivu tumetia hadi mekoni yamekwisha. Kuponda tumeponda. Haya yote mnayajua kuliko sisi, na bado chupa zinalala stoo zikisubiri mgeni rasmi aje kuzikabidhi! Mahindi yale ndiyo sare za skuli. Ndiyo sukari ya Ramadhani. Mkaja mkatutaka saini ya kupokea dawa ya mimea iliyokwisha kufa, tukatia, mkaondoka na posho. Hata aibu hamkuona.

Uniwie radhi, Mheshimiwa, kalamu imeteleza. Heshima yako iko pale pale.

Ikiwa ombi la kiwavi ni zito, lipo jengine jepesi. Dawa wakabidhiwe masheha kabla ya mvua ya kwanza, bila ya mgeni rasmi, bila ya kamera. Mche ukiwa na majani matatu, itatufaa. Ukishatoa mbelewele, msije. Pesa ya mafuta ya gari tununulieni mbegu.

Wako mtiifu,
Mkulima,
Tibirinzi, Chake Chake, Pemba.